Kitambaa cha Boga la Mbegu

Kwa dada yangu mpenzi,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mguu wako umepunguza kukusumbua tangu baridi ilipoisha. Shemeji hajambo? Bado anakunywa chai kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya kikombe? Na wapwa zangu je, yule mkubwa ameshaacha kubishana na walimu? Mimi ni mzima wa mwili. Kazi dukani inaendelea, bado nachanganya rangi za watu, nao bado wanarudi kulalamika kwamba ukutani haifanani na ile waliyoichagua. Hayo ndiyo mazuri. Yaliyobaki ni ya aibu, na ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Nimejaribu kukupigia, dada. Kila ukipokea naishia kukuuliza habari za kuku. Simu ina mahali pa kukatia, barua haina. Kwa hiyo kaa chini, vaa miwani yako, na usianze kumsomea shemeji kwa sauti mpaka uimalize mwenyewe.

Mara ya mwisho uliniuliza mambo ya harusi yamefikia wapi, na kwa nini mpaka leo watu wa upande wa mchumba wangu hawajafika kwako kukusalimia, wewe uliyenilea tangu mama atutoke. Nikakujibu kwamba wana shughuli nyingi. Nitafika hapo, usinikimbize. Kwanza nikusimulie safari.

Mchumba wangu wewe unamjua kwa sauti tu. Kazi yake ni kupima watu macho, na mimi humtania kwamba anaona ya wote ila yangu yamemshinda. Mama yake alikuwa mwalimu mkuu, sasa amestaafu, na mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata muuza maziwa. Ni mjane, ana magoti mabovu na ulimi mfupi. Kwangu hakuwa amekubali wala kukataa. Alimwambia binti yake kwamba mimi ni kijana mwenye maneno mengi, na yeye hajawahi kukaa na mimi muda wa kutosha nikaishiwa. Basi ilipofika siku ya kwenda kumwona kaka yake anayeishi mbali, akasema yule kijana ndiye atatuendesha. Kila mmoja alijua maana yake. Tukirudi Mwalimu angesema neno lake, na binti yake si mtu wa kuolewa huku mama amenuna.

Sasa kuna jambo moja lazima ulijue, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Watu hawa niliwaambia kwamba mimi ni mtoto wa mjini. Nilisema nimezaliwa mjini, nikalelewa ghorofani na mjomba, na shamba nimeliona kwenye televisheni. Hakuna aliyenilazimisha. Nilianza siku ile ya kwanza nilipokwenda kupimwa macho kliniki kwake, wasichana wa pale walipokuwa wakimcheka mgonjwa mmoja aliyekuja na tope kwenye viatu. Waliponiuliza mimi natoka wapi, ulimi ukatangulia kabla yangu. Baadaye niliona taabu kuurudisha. Mimi mwenyewe kila siku nawaambia wateja kwamba ukuta wenye unyevu haupakwi rangi, maana itabanduka tu. Nyani haoni kundule.

Tulipokuwa njiani njaa ikatushika, mchumba wangu akasema kuna mgahawa mmoja aliousikia kwa wenzake, uko ndani ya shamba lenyewe. Tukakata kona, tukafuata njia ya vumbi kati ya miti ya matunda mpaka kwenye banda kubwa la mabati. Meza zilikuwa mbao tupu, viti kila kimoja na ukoo wake, na kuku walipita chini ya meza kama wahudumu. Mlango mkuukuu ulikuwa umeegemezwa ukutani, umeandikwa kwa chaki: Kilichoiva leo ndicho kinacholiwa leo. Utaratibu wao ni kwamba mgeni hapewi orodha ya vyakula. Anapewa kikapu na kisu, anaingia bustanini, anakata anachokitaka, anakipeleka kwenye dirisha la jiko, kisha anakaa kusubiri kipikwe.

Dada, ungecheka. Watu wenye magari mazuri wanahangaika na karoti, wengine wanapigwa picha na kabichi kama vile ni bibi harusi. Kazi ambayo mama alikuwa akitufukuza nayo kitandani, pale watu wanaisafiria.

Wa kutembeza wageni bustanini alikuwa mama mmoja wa makamo, mwembamba, kichwani amejifunga kitambaa cha buluu chenye madoa meupe. Siku hiyo kundi kubwa la wageni lilikuwa limemzonga, kwa hiyo akatupatia kikapu na kisu na kutuambia tutangulie, na kama kuna kitu hatukielewi tumwite. Mwalimu magoti hayakumruhusu. Akakaa kwenye benchi lililoko ukingoni mwa bustani, mkoba mapajani, akitutazama.

Nami nikaanza maigizo yangu. Nikashika kisu vibaya kwa makusudi. Nikauliza kama viazi huota juu ya mti. Mchumba wangu akacheka mpaka akashika kiuno, akanifundisha, yeye aliyezaliwa mjini kweli, na nikajiona mjanja. Kisha tukachuma majani ya maboga, tukapita nayo karibu na benchi, na mikono yangu ikanisaliti. Bila kufikiri nikawa navunja vikonyo na kuvuta zile nyuzi zake, moja baada ya nyingine, kama ulivyokuwa ukitufanyisha kabla ya kupika. Mwalimu akaniuliza mambo hayo mtoto wa ghorofani nimejifunza wapi. Nikamjibu nimeyaona kwenye kipindi cha mapishi. Akasema, “Haya,” basi. Lakini kuanzia hapo kila kitu nilikiona ni mtego.

Ndipo mchumba wangu alipoliona lile boga. Lilikuwa peke yake mwishoni mwa tuta, mviringo mzuri, na rangi ambayo hata dukani kwetu sijui ningeichanganyaje. Yeye alikuwa upande wa pili wa tuta, akapiga kelele kama mtoto, “Lile! Nakuomba, tukate lile!” Nikainama, nikafunua majani. Kwenye kikonyo kulikuwa na kitambaa kimefungwa.

Dada, mimi na wewe hatuhitaji kuelezwa maana ya kitambaa kwenye kikonyo cha boga. Unakumbuka fimbo za mama siku nilipokata lile lake. Boga la mbegu haliguswi, hata kama nyumbani hamna kitu, hata mgeni awe nani. Linaachwa mpaka kikonyo kikauke chenyewe, maana ndilo la mwakani. Nilijua nilichokishika. Ningeweza kusema tu, jamani, hili lina kitambaa, tumwite yule mama tumuulize. Hata mjinga angeuliza. Lakini mwongo akishapata hofu anaona kila neno litamfichua. Nikawaza, nikilikataa ataniuliza sababu, na Mwalimu yuko pale anatazama. Basi nikafungua fundo, nikasokomeza kitambaa mfukoni ili mwenzangu asikione, nikakata. Akalipokea kwa mikono miwili, akaliimbia mpaka jikoni.

Tulikaa mezani tukisubiri. Kilichotangulia kutoka jikoni hakikuwa chakula, alikuwa mwenye mgahawa, baba mmoja mnene mwenye aproni, nusu ya boga mkononi. Mpishi alikuwa ameshalipasua. Akauliza kwa heshima nani amelikata, mchumba wangu akasema ni sisi, tena kwa furaha. Akauliza kama halikuwa na kitambaa. Mchumba wangu akasema hakuona kitambaa chochote, na alikuwa anasema kweli. Mwenye mgahawa akanigeukia mimi. Nikatikisa kichwa.

Yule baba hakutugombeza sisi. Alimwita mama wa bustani, akamgombeza yeye, mbele ya wageni wote. Alisema wadudu wamemaliza maboga yote ya mbegu ile, likabaki hilo moja, na alimwagiza alifunge. Akasema msimu uliopita pia alisahau kufunga matango, akasamehewa, na kwamba mtu wa kusahau hawezi kukabidhiwa bustani. Yule mama akaapa kwamba alilifunga kwa mkono wake. Alisema alirarua kitambaa kutoka gauni lake lile lile alikokata cha kichwani, na akakishika kile cha kichwani kumwonyesha. “Kama hiki, bosi. Kama hiki hiki. Nilifunga, jamani, mbona nasingiziwa?” Yule baba akamwambia aweke kisu chini aende nyumbani, wataongea kesho kama kuna la kuongea.

Na mimi nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake, kitambaa cha buluu chenye madoa meupe kiko mfukoni mwangu, kinanichoma kama kaa la moto. Mdomo wangu huu, unaouza rangi kwa watu waliokuja kununua misumari, ulikuwa umekauka. Yule mama alianza kulifungua fundo la aproni yake, na hata hapo kitambaa sikukitoa.

Mwalimu ndiye aliyesimama. Ilimchukua muda, kwa sababu ya magoti, na kila mtu akamtazama. Akamwambia yule baba asimwonee mwenzake, kitambaa kilikuwepo, na aliyekifungua ni yeye mwenyewe. Akasema alijikongoja mpaka pale wakati sisi tukichuma majani, akakiona, akadhani ni takataka iliyopeperushwa na upepo, akakitupa. “Mimi ni mtu mzima na nimekosa. Naomba msamaha kwako, na kwa huyu mama.”

Yule baba akapoa, lakini hakumwacha hivi hivi. Alitoa hotuba ndefu kuhusu watu wa mjini wanaokuja kuchezea jasho la wenzao kwa ajili ya picha. Mwalimu, mwanamke aliyesimamisha shule nzima kwa kukohoa tu, akasimama ameinamisha kichwa akaisikiliza mpaka mwisho. Kilichoniua zaidi ni mchumba wangu. Aliona haya, akamwambia mama yake, “Mama, jamani, mbona unagusa vitu vya watu bila kuuliza?” Mama yake akamwambia ni kweli, alipaswa kuuliza.

Mama wa bustani akarudishiwa kisu chake. Yule baba akasema boga likishapasuliwa limepasuliwa, litupwe kwa nini, akaamuru lipikwe. Likaletwa. Lilikuwa changa, halijakomaa, mbegu zake zilikuwa maganda matupu. Nililila, dada. Nililila lote lililokuwa kwenye sahani yangu, maana kubakiza kungeonekana. Mwalimu hakuligusa. Alikula majani yale niliyoyatoa nyuzi.

Tuliporudi kwenye gari, mchumba wangu alibaki nyuma kunawa mikono. Mwalimu akakaa kiti chake, akafunga mkanda, kisha bila kunitazama akanyoosha kiganja. Sikujifanya sijui anataka nini. Nikatoa kitambaa, nikakiweka pale. Akakikunja, akakitia mkobani, akafunga zipu. Safari nzima iliyobaki alizungumza habari za kaka yake na uhaba wa mvua.

Niliporudi nikasubiri neno lake. Hakulitoa. Hakunisema kwa binti yake wala hakunisifu. Nikafika mahali pa kutamani anisute, anitukane, chochote kile. Kisha siku moja dukani wakaniambia kuna bahasha yangu imeletwa. Ndani hakukuwa na maandishi. Kulikuwa na kile kitambaa, kimefuliwa na kupigwa pasi. Nilijifungia stoo, katikati ya madebe ya rangi, nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Jioni hiyo nikamweleza mchumba wangu kila kitu. Hakupiga kelele, ingekuwa nafuu. Aliniuliza kama naona alivyomsema mama yake mbele za watu kwa kosa langu, na nikasema naona. Akaniambia niondoke. Kesho yake nikaenda peke yangu kule shambani. Mwenye mgahawa alinipa maneno yangu, nikayapokea, nilistahili mengine ya kuongeza. Mama wa bustani nilimkuta kwenye lile tuta. Nilimrudishia kitambaa na kumwambia nilikifungua mimi, si yule mama mtu mzima. Alianza kunifariji, akasema watu wa mjini hamjui, si kosa lenu. Nikamwambia mama yangu alikuwa akifunga cha rangi nyekundu. Akasimamisha jembe. Akasema, “Kumbe ulikuwa unajua.” Akageuka akaendelea kupalilia. Hilo neno, dada, nimerudi nalo na bado ninalo.

Sasa nafika kwako, na hapa mkono unakuwa mzito.

Unaikumbuka ile siku uliyopiga simu, mchumba wangu akapokea kwa sababu mimi nilikuwa naoga? Mlisalimiana vizuri. Ulimwita mwanangu, ukamuuliza kama nakula vizuri, ukamwambia nikikasirika huwa sili, kwa hiyo anibembeleze kidogo. Baadaye ulinipigia ukaniambia ana sauti ya mtu mwema, na ukafurahi wiki nzima. Dada, nilipotoka kuoga aliniuliza huyo aliyepiga ni nani. Nikamwambia ni mama mmoja aliyekuwa akitufulia nguo nyumbani kwa mjomba. Nikasema amezoea kujifanya ndugu.

Ndiyo sababu hakuna aliyekuja kukusalimia. Hawana shughuli zozote. Hawakujua kama upo. Mchumba wangu alisema siku ile kwamba yule mfua nguo wetu ana upendo sana, ningemtafuta nimpelekee zawadi ya sikukuu. Nikamwitikia. Wewe uliyeacha shule ukakaa kwenye cherehani ili mimi nisome, nilikufanya mtu wa kufua, tena kwa urahisi, huku najifuta maji kichwani. Boga nililikata kwa woga. Wewe nilikukana bila hata kuogopeshwa. Sijui niombe msamaha kwa maneno gani, na mimi ndiye mwenye maneno mengi.

Hili pia nilimweleza mchumba wangu jioni ile, na ndilo lililomfanya anifukuze, si boga. Hakunitafuta mpaka juzi, ndipo akanipigia. Alisema hawezi kuniambia kama ataolewa na mimi ama la, kwa sababu mtu aliyedhani anamjua hayupo, na anayemjua huyo mwingine ni wewe. Anataka aje akuone. Mama yake ameshasema atakuja naye, magoti yaume yasiume. Nilipomwomba Mwalimu radhi, alinijibu kwamba yeye alisimama kwa ajili ya yule mama wa bustani, si kwa ajili yangu, na nisijidanganye. Akaongeza kwamba mtu wa kuombwa radhi kwanza yuko mbali na pale, na akaniuliza kama nimeshapata nauli ya kufika kwake.

Tunakuja Jumamosi. Nimeandika ili barua itangulie, usije ukasikia haya mbele ya wageni ukakosa pa kuweka uso wako. Ukiamua kufunga mlango, nifungie mimi. Wao wafungulie, hawana kosa. Nitakaa nje na kuku, wananifahamu.

Yule mama wa bustani sikumwahidi mbegu, ingawa ahadi ilinijia mdomoni. Niliirudisha, kwa sababu mbegu za mama si zangu, ni zako wewe uliyezitunza. Kama utakubali kumpa kiganja kimoja nitazipeleka. Kama hutaki, nitaelewa.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu, na majirani wote wanaoniulizia. Usihangaike na mapishi, chochote kilichopo tutakula. Na nakufahamu wewe, mgeni akija nyumbani huwa unampa kilicho bora kuliko vyote, na watu hawa utataka kuwafurahisha kwa ajili yangu. Tafadhali dada, lile lenye kitambaa usilikate.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda